Dakika ya Kwanza ni Yenu

Mazungumzo ya mkuu wa watunza uwanja na wanachama, wageni na makedi (wabeba mikoba ya wachezaji) wa klabu moja ya gofu viungani mwa Nairobi, wiki chache kabla ya masika.

Bwana Nahodha, Nahodha wa akina mama, wazee wetu wa klabu, wanachama, wageni, makedi, na wenzangu wa uwanja mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo: hamjambo nyote?

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Kwa kawaida mimi husikika kupitia ubao wa matangazo, na matangazo yangu si ya kupendeza. Leo vigari haviruhusiwi. Kesho griini, yale maeneo ya nyasi fupi yenye shimo, zinatobolewa. Najua wapo wanaopita pale wakasonya. Leo angalau mtanisonya ana kwa ana.

Nianze na jambo ambalo halizungumzwi. Sisi wa uwanjani na ninyi wachezaji tunafanya kazi mahali pamoja lakini karibu hatuonani. Vijana wangu hufika saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza. Wa kwanza anachukua ufito mrefu na kufagia umande kwenye griini, maana umande ukikaa muda mrefu juu ya majani kuvu hushika, na kuvu likishashika griini moja halisubiri mwaliko kwenda ya pili. Mwingine anafuata na mashine ya kukata. Mwingine anahamisha shimo. Wengine wako na reki kwenye banka, yale mashimo ya mchanga. Kundi la kwanza linapopiga mpira, wao wanakimbizana kubaki mashimo mawili matatu mbele yenu. Adhuhuri wengi wao wamekwisha kwenda nyumbani.

Sasa tuseme ni saa kumi jioni, griini ya saba, mpira umetua ukaacha kishimo. Aliyepo ni nani? Ni wewe, wenzako watatu na makedi wenu. Mimi sipo. Nitakiona kishimo hicho kesho alfajiri, na kesho alfajiri nitakuwa nimechelewa. Hata nikija na watu kumi siwezi kufanya alichoweza kufanya mtu mmoja jana yake kwa sekunde kumi. Hilo ndilo lililonileta hapa, na nitalieleza kwa undani kidogo, kwa sababu nimegundua watu hawakatai kutunza uwanja. Wanadhani tu kwamba kuna mtu atapita baadaye.

Mpira unapotua griini kutoka juu haukati nyasi. Unazisukuma chini pamoja na udongo. Unabaki na kishimo chenye kitako kilichoshindiliwa, na kwa mbele udongo unainuka na kufanya ukingo. Nyasi zilizomo bado ni hai, na mizizi mingi haijakatika. Ukizisogeza mahali pake muda uleule, siku chache baadaye hata mimi sitaweza kukuonyesha mpira ulipotua. Ukiondoka, jua na upepo wa jioni vinakausha ule ukingo. Kesho mashine inapita. Griini tunazikata kwa urefu wa milimita 3 hivi, na kisu cha mashine hakina huruma kwa chochote kilichozidi hapo. Kinaunyoa ukingo mpaka kwenye udongo, ilhali kitako cha kishimo kinabaki chini, hakiguswi. Ndiyo ile duara ya kahawia yenye bonde katikati ambayo mnailaumu mpira wenu ulio futi tatu tu kutoka shimoni unapoyumba. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kujifunga, na katika wiki hizo magugu yamefunguliwa mlango.

Wengi wenu mna uma mdogo wa kurekebishia griini mfukoni. Hongereni. Sasa tuzungumze unavyotumika, maana nimekaa chini ya ule mti wa shimo la kumi na nane nikatazama, na nakiri baadhi ya marekebisho ni mabaya kuliko kishimo chenyewe. Mtu anaingiza uma chini ya kishimo, anainua kwenda juu kama anayechimba kiazi, anaona udongo umejaa, anaridhika. Huyo amekata mizizi iliyokuwa imesalimika. Na ule udongo alioupandisha juu, kisu cha kesho kinakutana nao na kuwa butu.

Uma unachomekwa nje kidogo ya ukingo, si ndani ya shimo. Halafu unausukuma kuelekea katikati, ili nyasi za pembeni zisogee zikutane. Zunguka pande zote, mara nne au tano. Usiinue. Ukimaliza, gonga taratibu kwa kitako cha fimbo ya griini au kanyaga kwa soli mpaka pawe sawa. Kama mpira wako unaweza kupita hapo bila kuruka, umefaulu. Na ukikuta kingine cha mtu mwingine hapo karibu, kirekebishe pia. Yule aliyekiacha hatarudi.

Hapo zamani kulikuwa na kisingizio. Kanuni za gofu zilikuruhusu kurekebisha alama ya mpira kwenye griini lakini si mikwaruzo ya viatu iliyo kwenye njia ya mpira wako. Tangu Januari 2019 hilo limekwisha. Karibu kila uharibifu kwenye griini unaruhusiwa kurekebishwa kabla ya kupiga: alama za mipira, mikwaruzo ya viatu, makovu ya mashimo ya zamani, hata kwato za mnyama aliyepita usiku. Kisichoruhusiwa ni uchakavu wa kawaida na yale matobo yetu ya kupitisha hewa, ambayo nitayafikia. Kanuni ya 1.2 nayo inakutaja wewe moja kwa moja: mchezaji anatarajiwa kuutunza uwanja, arudishe kipande cha nyasi alichokikata, alainishe banka, arekebishe alama. Ukikaidi, kanuni yenyewe haikuongezei pigo la adhabu, isipokuwa kamati iwe imeweka masharti yake ya mwenendo. Bwana Nahodha, nakuachia hilo wewe na kamati yako. Mimi sina maoni. Nina maoni, lakini si ya kusemwa kwenye kipaza sauti.

Tutoke kwenye griini twende kwenye fewei, ile njia ndefu ya nyasi inayoelekea griini, ambako kuna mkanganyiko wa kweli na si kosa lenu. Mmefundishwa kwamba ukikata kipande cha nyasi, yaani divoti, ukifuate, ukirudishe shimoni, ukikanyage. Maelekezo hayo yalitoka kwenye nchi za baridi zenye nyasi za baridi. Benti, kwa mfano, ambayo ndiyo iliyopo kwenye griini zetu, ikitoka kipande kizima na udongo wake na ukakirudisha upesi, ina nafasi nzuri ya kushika tena. Fewei zetu si benti. Ni nyasi za Kikuyu. Hizi zinatambaa. Zina vikonyo juu ya ardhi na vingine chini ya ardhi, na zinaziba pengo kwa kutambaa kutoka pembeni. Kile kipande ulichokirusha mita kumi kikirudishwa, mara nyingi kinakauka palepale, kisha kinakuwa kifuniko kinachozuia vikonyo vya pembeni visipite. Hapa kwetu, jaza mchanga. Makedi wanabeba mfuko wa mchanga si kwa urembo. Jaza mpaka usawa wa ardhi, ulainishe kwa soli, basi. Usirundike kichuguu, kwa sababu mashine ya fewei nayo ina visu, na mchanga unavila visu kuliko kitu chochote ninachokijua.

Mkishuka pwani, mtakuta ukoka badala ya Kikuyu, na huko pia jibu ni mchanga, kwa sababu ileile ya kutambaa. Penye maji ya chumvi, viwanja vingi vya ufukoni duniani vimehamia nyasi za paspalamu, ambazo zinavumilia chumvi ambayo ingezichoma nyingine. Ukiwa mgeni mahali, muulize kedi. Anajua.

Nimegusa nyasi za Kikuyu, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu nazipenda. Asili yake ni hapa, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zikachukuliwa zikaenda Afrika Kusini, Australia, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikafika California kushikilia udongo usimomonyoke. Zilishikilia udongo, kisha zikashikilia na kila kitu kingine. Marekani leo imeziweka kwenye orodha yake ya magugu hatari. Na papo hapo, uwanja wa Riviera pale Los Angeles, ambao mabingwa wa dunia huucheza, fewei zake ni hizihizi. Mtangazaji wa televisheni anazieleza kana kwamba zimetoka sayari nyingine, jinsi zinavyoukamata uso wa fimbo. Sisi tunazikanyaga tangu utotoni tukipeleka mbuzi malishoni. Kwa hiyo mkizisikia zikitukanwa, mjue ni nyasi ngumu, zinasamehe mengi, na ndiyo maana fewei zetu zimeishi na ninyi miaka yote hii.

Ila zina tabia moja: hazijui mpaka. Zikipata upenyo zinaingia griini, na benti haiwezi kushindana nazo. Wale akina mama mnaowaona wamepiga magoti ukingoni mwa griini na visu vidogo wanang'oa kikonyo kimoja kimoja. Hakuna mashine ya kazi hiyo. Na upenyo ambao nyasi hizo zinaupenda kuliko wote ni kile kishimo cha mpira kilichoachwa wazi. Mkifika pale wakiwa kazini, salimuni. Tena subirini wainuke au wawapungie mkono ndipo mpige. Mpira wa gofu unaua. Kwenye viwanja vingi mfanyakazi aliye kazini ndiye mwenye haki ya njia, na kupiga kelele ya "foo", lile onyo la mpira unakuja, baada ya mpira kuondoka si ruhusa ya kuwa umepiga.

Shimo lenyewe. Kipenyo chake ni milimita 108 duniani kote, na kila asubuhi kijana anakata jipya mahali ambapo nyasi zimepumzika. Ukingo wake ndio sehemu nyeti kuliko zote za uwanja. Kuna wanaotoa mpira kwa kuuvua na uso wa fimbo kwa sababu kuinama kunauma. Kila wakifanya hivyo wanabomoa ukingo, na aliye nyuma yao anapiga kwenye shimo lenye umbo la yai. Kama mgongo una shida, kedi atauokota, hakuna aibu. Siku hizi tena kanuni inaruhusu kuacha bendera shimoni mnapopiga, jambo zuri linalookoa muda, lakini mkono ukiingizwa kwa nguvu kati ya mti wa bendera na ukingo unafanya uharibifu uleule. Chomoa bendera kwanza. Usiitupe, ilaze. Na ukishatumbukiza mpira, usisimame palepale unaandika alama; kundi linakuja, na mzunguko wa futi moja kuzunguka shimo unakanyagwa kuliko mahali pengine popote.

Banka nitazipitia haraka. Ingia na kutoka upande wa chini. Ukiparamia ukuta unaporomosha mchanga, na ukuta tunaujenga upya kwa mkono. Piga reki mpaka nyayo ziishe, si mpaka zipungue. Nimemaliza banka.

Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui kabisa, na nitawaonyesha picha yake kwa maneno. Mwezi mmoja tulikuta kwenye eneo la tii, mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo, alama mbili za nyayo za binadamu, kamili, kushoto na kulia. Ndani ya nyayo nyasi za kijani. Kuzunguka nyayo, nyasi zimekauka rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Vijana wengine walianza kunong'ona habari za uchawi. Haikuwa uchawi. Mtu alisimama pale akajipulizia dawa ya mbu miguuni. Dawa za kupuliza, za mbu hata baadhi za kukinga jua, zinaunguza majani, na pale viatu vilipofunika ndipo paliposalimika. Jipulizie kwenye maegesho au kwenye njia ya saruji. Ni hivyo tu.

Sasa masika yanakuja, na hapa ndipo tunapogombana kila mwaka. Mvua ikinyesha vizuri usiku, asubuhi jua likatoka, uwanja unaonekana umekauka. Juu umekauka. Chini udongo wetu huu mwekundu umeshiba maji, na kigari chenye watu wawili na mikoba miwili kikipita kinaubana udongo mpaka nafasi za hewa zinafungwa. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Huwezi kuona kitu siku hiyo. Utaona mwezi wa saba, kwenye mstari mrefu wa nyasi dhaifu unaofuata njia ya magurudumu, na utaniuliza kwa nini simwagilii maji pale. Nikisema vigari vibaki njiani, kuna sababu. Nikiviruhusu, endesha njiani mpaka ulingane na mpira wako, kisha kata moja kwa moja kwenda na kurudi. Usipige kona kali. Usiegeshe kati ya banka na griini ambapo kila mtu anapita. Ningesema tembeeni, lakini najua mipaka yangu. Wenye afya tu, basi: tembeeni na kedi. Klabu zetu za huku zina bahati ya kuwa na makedi, utamaduni ambao sehemu nyingi duniani umekufa ukaua na miguu ya wachezaji. Watu wawili wanaotembea hawaachi mstari mwezi wa saba.

Ubanaji huohuo ndio unaoleta lile tangazo ninalochukiwa nalo kuliko yote: kutoboa griini. Hebu niwaeleze nini kinatokea, kwa sababu najua mnachokiona ni griini nzuri jana, leo imejaa matundu. Mnakanyaga griini kila siku kwa miaka. Udongo unashikamana. Juu yake panajengeka tabaka la vikonyo na mizizi iliyokufa, laini, linalonyonya maji na kuyashikilia juu. Kwenye tabaka hilo mpira unatua na kuchimba kishimo kirefu zaidi, kuvu linastawi, na mizizi inaona hakuna haja ya kwenda chini. Griini ya namna hiyo inaweza kupendeza macho mpaka siku ya jua kali la Februari, inaanguka kwa wiki moja. Mashine yetu inachomoa vipande vidogo vya udongo, matundu yenye upana wa sentimita moja na kitu, kina cha sentimita saba au zaidi. Tunaviondoa, tunamwaga mchanga, tunausambaza kwa ufagio mpaka uingie matunduni. Wiki mbili hivi griini zinakuwa za ajabu kuchezea, sibishi. Baada ya hapo maji yanashuka, hewa inashuka, mizizi inafuata. Tungesubiri mpaka griini iugue ndipo tuitoboe, isingekuwa na nguvu ya kujifunga. Ndiyo maana huwa tunaitoboa ikiwa nzuri, na ndiyo maana mnaona ni ukatili.

Na Jumatatu, siku tunayofunga uwanja. Kuna mwanachama aliniandikia kwamba analipa ada ya siku saba na anacheza sita. Namheshimu. St Andrews, Uskoti, mahali panapohesabiwa kuwa nyumbani kwa mchezo huu, Old Course hufungwa kwa gofu Jumapili, isipokuwa kwa mashindano machache. Watu wa mji wanatembeza mbwa na kufanya pikiniki kwenye fewei ambayo mchezaji anasubiri miezi kuipata. Wangeweza kuiuza Jumapili kwa bei wanayotaka, lakini nyasi zinapumzika. Sisi Jumatatu hatupumziki, tunafanya yale yasiyowezekana mkiwepo. Mwanachama huyo nimemwalika aje aone; bado namsubiri.

Kwa wanaopiga mipira ya mazoezi, neno moja. Usitawanye divoti huku na huku. Kila pigo jipya lianze nyuma ya divoti iliyotangulia, uache mstari mmoja mrefu mwembamba, na pembeni yake mstari wa nyasi nzima. Nyasi za Kikuyu zitavuka mstari mwembamba upesi. Ukitawanya unaacha uwanja wa upele ambao hauna pa kuanzia kupona. Na kwenye tii za mashimo mafupi, pigo la majaribio lisiguse ardhi. Tii hizo ni ndogo, na kila mmoja wenu anazichezea kwa fimbo ya chuma.

Makedi, nawageukia ninyi mwisho kwa makusudi. Mchezaji akisahau, mnajua. Msimwachie kwa kuogopa kumkera. Mkabidhi uma mkononi akiwa anakuja griini, hasemi kitu, atautumia. Wanachama, kedi wako akikupa uma, usimkasirikie. Nimewaambia mimi.

Bwana Nahodha ananionyesha saa. Maswali nitayapokea nje, kwenye griini ya mazoezi, maana nimewakataza vijana kuirekebisha tangu Ijumaa na ina vishimo vya kutosha kila mmoja apate viwili vitatu. Kila mtu achukue uma mmoja kwenye kile kisanduku pale mlangoni. Ukishauchukua ni wako, usiurudishe.